Gemu "namba moja Tanzania" ni namba moja kwa kipimo gani? Uzi wa magemu mepesi, Mtwara na Lindi

#1 Kete64 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila baada ya siku chache kuna mtu anabandika picha ya chati ya Play Store na kuandika "hili ndilo gemu linalochezwa zaidi Tanzania kwa sasa". Nenda kasimame foleni ya kivuko cha Msangamkuu au stendi ya Mkanaledi, chungulia vioo vya simu: watu wameinamia vitu vingine kabisa. Chati haidanganyi, na kijiwe hakidanganyi. Vinapima mambo mawili tofauti, na sisi tunavichanganya.

Ninaposema gemu jepesi nina maana lile unaloelewa dakika ya kwanza, linalotaka kidole kimoja, na unaloweza kuliacha konda akiita "Masasi, mmoja!". Ludo King, Candy Crush, Subway Surfers, Block Blast, drafti, bao, karata. Mpira wa eFootball, Dream League na zile PES za emuleta ya PPSSPP zina ulimwengu wake, tusizilete hapa.

Tuanze na namba iliyo chini ya jina la gemu. Ile ni ya dunia nzima, tena ni ngazi: milioni 10+, milioni 50+, milioni 100+. Subway Surfers, iliyotoka 2012, ilikuwa ya kwanza kuvuka upakuaji bilioni 1 kwenye Play, mwaka 2018. Ni sifa kubwa, lakini haikwambii lolote kuhusu Newala. Isitoshe namba ile inapanda tu, haijui kushuka. Aliyelisakinisha 2014 na kulifuta kesho yake bado amo.

Chati ya magemu ya bure ndiyo ya nchi, lakini yenyewe inaangalia kasi ya kupakuliwa siku hizi za karibuni. Gemu ambalo kila mtu tayari analo halina wa kulipakua, kwa hiyo linateremka huku likichezwa kila siku. Gemu jipya lililomwagiwa matangazo linapaa siku 3, watu wanalionja, wanalifuta, linazama. Wewe umepiga picha siku ya pili na kutangaza mfalme.

Chati ya mapato nayo inahesabu fedha inayopita Play yenyewe, si fedha ya matangazo. Huku ambako wengi hawajafunga kadi yoyote kwenye akaunti zao za Play, walipaji wachache tu wanatosha kusogeza gemu nafasi kadhaa. Candy Crush inaishi juu kwenye chati za namna hii kwa sababu imejengwa kuuza maisha na nyundo. Drafti haina cha kuuza, haitakaa ionekane humo hata ichezwe na mkoa mzima.

Ukitaka kufuatilia chati kwa adabu, fanya hivi. Fungua kivinjari, andika play.google.com/store/games?gl=TZ&hl=sw. Hiyo gl ndiyo nchi. Usitegemee simu yako tu, maana akaunti iliyofunguliwa nchi nyingine inaendelea kukuonyesha duka la huko, na Play hairuhusu kubadili nchi zaidi ya mara moja kwa mwaka. Wa iPhone waingie apps.apple.com/tz. Chagua siku moja ya wiki na saa moja, mfano Jumatatu saa tatu asubuhi, andika nafasi 20 za juu kwenye daftari au jedwali, uendelee wiki 8 bila kuruka. Mimi gemu lililoganda nafasi ya 15 wiki zote 8 nalipa uzito kuliko lililogusa ya kwanza kwa siku 4 na kupotea.

Google Trends, inayoonyesha watu wanatafuta nini Google, nitaileta chini. Ngoja kwanza mafundi waje.

#2 Fundi_Mkanaledi

Mkuu umesahau kundi kubwa kuliko yote: magemu ambayo hayakupita Play kabisa.

Simu nyingi za bei ya chini zinazouzwa huku ni Tecno, itel na Infinix, zote za kampuni moja ya China, Transsion. Nyingi zinakuja na duka lao, Palm Store, na nyingine zina AHA Games inayofungua vijigemu bila kusakinisha. Mtu anacheza kutwa, Play haina habari. Halafu kuna Xender, programu ya kurushiana mafaili. Mmoja ana bando, anashusha, wengine 6 wanapokea kwa mkono. Chati imeandika 1, wachezaji ni 7.

Ndiyo maana gemu linaweza kufa dukani likaendelea kuishi mtaani. Flappy Bird iliondolewa na mtengenezaji wake Mvietinamu, Dong Nguyen, Februari 2014, na bado APK yake (faili la kusakinishia) ilitembea simu hadi simu.

Ila hii njia ya mkono imepata ugonjwa, na watu wanalaumu simu bure. Tangu Agosti 2021 Play inataka programu mpya ziletwe kama furushi, halafu yenyewe inalikata vipande kulingana na simu: kipande cha msingi, kipande cha prosesa, kipande cha ukubwa wa kioo, kipande cha lugha. Programu ya kurushia ikituma kile cha msingi peke yake, gemu linasakinishwa vizuri, picha yake inatokea, unabonyeza, inawaka nusu sekunde na kujifunga. Magemu mengi mepesi yametengenezwa kwa Unity, na injini yenyewe imo kwenye kipande cha prosesa ambacho hakikutumwa. Umepokea bodaboda bila injini.

Hata vipande vyote vikifika, angalia prosesa. Simu nyingi za RAM GB 2 zinaendesha Android ya biti 32 hata kama chipu yenyewe inaweza 64. Aliyetuma ana arm64-v8a (toleo la 64), wewe unataka armeabi-v7a (toleo la 32), haiingii. Weka CPU-Z, programu ya kusoma vipimo vya simu, nenda sehemu ya mfumo, soma mstari wa kerneli: ikiandika aarch64 ni 64, ikiandika armv7l au armv8l inaendesha 32. Wenye 32 warushiane wenyewe kwa wenyewe, mambo yanakwenda.

Njia safi isiyokula bando: fungua Play Store, gusa picha ya akaunti yako, ingia kwenye usimamizi wa programu na kifaa, humo kuna sehemu ya kushiriki programu, mmoja anatuma mwingine anapokea. Bluetooth na eneo viwashwe simu zote mbili, na muwe karibu. Faida yake ni kwamba Play inakagua saini ya kidijitali ya mtengenezaji, kwa hiyo sasisho la baadaye litakubali.

Hizi APK zilizochezewa, za "mod, pesa zote wazi", ndizo zinazoleta kesi. Saini yake si ya mwenye gemu. Siku ukitaka toleo halisi simu inakataa mpaka ufute la kwanza, na ukifuta ngazi zako 300 zimekwenda na maji.

#3 Mpita_Njia_Lindi

Watu wazima na ndevu zao wanajadili Candy Crush. Bei ya ufuta mmeimaliza?

#4 Kete64

Mzee wangu karibu tu, ufuta unakuja hapo chini kwenye misimu, usiondoke.

Fundi shukrani, umenisaidia. Sasa Trends, maana inatumika vibaya kuliko chati.

Namba 100 pale si watu 100 wala asilimia 100 ya watu. Ni kilele cha neno hilo ndani ya kipindi ulichochagua, ikilinganishwa na utafutaji wote wa hapo. Mstari ukishuka, huenda gemu halijapungua hata kidogo, ni utafutaji wa mambo mengine ndio umeongezeka.

Chagua Tanzania, miaka 5, kundi la magemu. Ukiandika jina, kuna "neno" na kuna "mada". Chukua mada pale inapopatikana, kwa sababu inakusanya na wale wanaokosea herufi. Unaweza kulinganisha 5 kwa pamoja, lakini usiweke jitu na kitoto kwenye mstari mmoja: ukiiweka Ludo King na kigemu cha drafti, drafti itasoma 0 miaka yote 5 na utadhani haina mtu. Weka wa saizi moja pamoja. Pia kuna alama ya Januari 2022 ambapo Google walibadilisha namna ya kukusanya data. Mruko unaoanzia hapo usiutungie sababu.

Majina yetu ni mtego mwingine. Tafuta "bao" uone: utapata mabao ya Simba na Yanga mpaka uchoke. "Nyoka" utapata nyoka kweli. "Karata" ina siasa ndani yake. Kwa magemu ya asili Trends haitufai, hilo ni vyema tulikubali mapema.

Kuhusu ramani ya mikoa, msiiamini sana kwa Mtwara na Lindi. Utafutaji wa gemu moja kwa mkoa ni mdogo, unayumba hovyo, na anwani ya intaneti ya laini ya simu mara nyingi inaonekana imetokea pale mtambo wa kampuni ulipo, siyo Mangaka alipo mtu. Wapo na jamaa wa Kilambo, ukingoni mwa Ruvuma, wanaoweka laini ya Msumbiji. Hao wanahesabiwa ng'ambo.

#5 KorosheniPlus

Naunga mkono hoja, niongeze la misimu kwa sababu ndilo linalowapotosha wachambuzi wa Dar.

Simu mpya ndiyo inayozaa upakuaji. Mtu akinunua simu, wiki ile ile anasakinisha magemu matatu manne kwa mpigo. Kwa hiyo uliza: simu mpya zinanunuliwa lini? Huku minada ya korosho inaanza Oktoba na kuendelea Novemba na Desemba. Malipo ya vyama vya ushirika vya TANECU, MAMCU, RUNALI na Lindi Mwambao yakishuka, maduka ya simu Tandahimba, Newala, Masasi na Nachingwea yanajaa. Wakati huohuo shule zinafunga Desemba. Watoto wanashika simu za wazazi, na magemu ya kitoto yanapanda. Ukiona mruko wa Desemba huwezi kusema ni likizo au ni korosho.

Wanaojifanya wajanja wanasema linganisha na likizo ya Juni, ambayo haina korosho. Kwa Mtwara sawa kiasi. Kwa Lindi umeingia shimoni, maana ufuta unauzwa kipindi hichohicho cha katikati ya mwaka, na Ruangwa na Kilwa zinakuwa na fedha mkononi. (Mzee wa #3, ufuta huo hapo.)

Kwenye chati ya taifa haya yote hayaonekani. Sensa ya 2022 ilihesabu Mtwara watu 1,634,947 na Lindi 1,194,028. Jumla yetu ni 2,828,975 kati ya 61,741,120, chini ya asilimia 5. Dar peke yake ni 5,383,728, na simu janja zimejaa huko zaidi. Kusini nzima ikihama kutoka Ludo kwenda gemu jingine, chati itatikisika kama mtumbwi uliopigwa na samaki mdogo.

#6 DadaTakwimu

Basi pimeni wenyewe, mbona rahisi. Simu 40 zinatosha kuanzia, mradi zisitoke kijiwe kimoja. Chukua 10 stendi, 10 soko kuu, 10 nje ya chuo, 10 kivukoni au bandarini. Usichague wanaocheza, chukua kila mtu wa tatu anayepita na simu janja, la sivyo utapata jibu ulilolitaka.

Usiulize "unapenda gemu gani?" Watu hutaja lile wanalolikumbuka jina, na wanaume wengi watataja mpira hata kama usiku wanapanga pipi. Omba akuonyeshe Digital Wellbeing (inayohesabu muda wa kila programu) kwenye mipangilio yake, siku 7 zilizopita. Simu nyingine nyepesi hazina. Hizo fungua betri, kisha matumizi kwa programu, ingawa pale utapata tangu alipochaji mara ya mwisho tu.

Jedwali langu lina safu 5: gemu limo kwenye simu au halimo, lilifunguliwa wiki hii au la, dakika ngapi, lilikuja na simu au lilipakuliwa au lilirushwa, na data ilikuwa imewashwa au imezimwa wakati wa kucheza. Safu ya nne ndiyo inayotenganisha umaarufu na kusukumiwa. Gemu lililokuja na simu litakuwemo kwenye simu zote za aina hiyo na dakika 0.

Hesabu ya makosa muiweke wazi. Ukipata 10 kati ya 40 wanacheza Ludo, hiyo ni asilimia 25, lakini ukweli unaweza kuwa pungufu au zaidi kwa pointi 13 hivi. Yaani kati ya 12 na 38! Kwa hiyo msije hapa kubishana Ludo 25 na Candy 20, hizo ni sawasawa. Ukitaka kosa lipungue hadi pointi 4, unahitaji simu 400. Na tafadhali, ombeni ruhusa, msiandike jina wala namba ya mtu, na simu ya mtoto isiguswe bila mzazi.

#7 Mtaa_wa_Chuno

Dada, mbona hujaweka umri na jinsia?

#8 DadaTakwimu

Kaka, kwa simu 40 ukigawa jinsia mbili na rika tatu unabaki na watu 6 au 7 kwa kila chumba. Hapo unapima bahati. Weka umri ukifika 400.

#9 NyumbaHaijaliwa

Nawasoma tangu asubuhi, hakuna aliyegusa bao vizuri. Mnasema magemu ya asili "hayana soko". Soko lipo, bidhaa ndiyo mbovu.

Nokia 3310 ya mwaka 2000 ilikuja na Bantumi, mchezo wa mashimo na kokoto. Watu wengi waliuona wakasema "hili si bao letu" wakarudi kwenye nyoka. Walikuwa sahihi, ile ni aina nyingine: mashimo 6 kila upande na ghala moja moja. Mpaka leo ukitafuta bao dukani, mengi yanayokuja ni yaleyale yamepakwa rangi ya mbao na kupigiwa ngoma.

Jipime hivi kabla hujamaliza MB zako. Tazama picha za gemu dukani. Hesabu mashimo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu 4 za mashimo 8, na kete 64. Ukiona mashimo 12 na vikapu viwili pembeni, achana nalo. Likipita hapo, angalia mpangilio wa kuanzia: kila mchezaji ana kete 6 kwenye nyumba (lile shimo lake maalumu), mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza ubaoni moja moja. Likianza na kete zote zimeshamwagwa ubaoni, mbili mbili kila shimo, hilo ni bao la kujifunzia. Mtu wa Mikindani anayecheza barazani atalifungua mara moja. Tatu, namua kidogo halafu uone kama linakupa hiari ya kuiacha au kuitembeza nyumba pale sheria inaporuhusu. Wengi wanakosea hapo, nyumba inajiendea yenyewe kama ng'ombe asiye na mchungaji.

Drafti nako vilevile. Programu nyingi zimewekwa sheria za Kiingereza, kingi anatembea hatua moja moja. Kingi wa vijiwe vyetu anapaa. Mtu anacheza mara moja, anaona kingi wake kilema, anafuta. Mara nyingi dawa imo ndani ya mipangilio, chagua sheria za Kirusi uone kingi anavyonyanyuka, lakini nani anafungua mipangilio ya gemu la dakika 5? Anayetengeneza aiweke mwanzoni kabisa.

Ludo haikupata tatizo hili kwa sababu ludo ya simu na ya ubao ni moja. Unapokezana simu moja watu 4, bila bando, bila kujisajili. Ludo King ilitoka 2016 na 2020 watu walipofungiwa ndani ikalipuka duniani. Wengine waliolipuka mwaka ule wameshasahaulika, yenyewe inaendelea, maana kete na njia ya nyumbani kila mtu alishazijua akiwa mtoto.

#10 Msanifu_Nachingwea

Hapo mwalimu wa bao umesema kweli tupu, ila ngoja niwape upande wa anayetengeneza, maana lawama zinakuja kwetu.

Gemu linalochezwa data ikiwa imezimwa halileti tangazo, na bila tangazo hatuli. Mtumiaji anajua, anazima data makusudi. Wengine wanajaribu kupakia tangazo mapema data ikiwaka ili walionyeshe baadaye. Tangazo la AdMob (mfumo wa matangazo wa Google) lililopakiwa linakufa baada ya saa 1, ukilionyesha halikulipi. Kwa hiyo gemu linalopendwa zaidi huku, la bila bando, ndilo linalolipa kidogo zaidi, na tangazo lililoonwa Tanzania linalipwa chini sana ya lililoonwa Marekani. Hii ndiyo sababu kubwa mnaletewa magemu yasiyowafikiria. Anayeyatengeneza hayatengenezi kwa ajili ya Ruangwa.

Kinachosaidia kidogo ni tangazo la zawadi badala ya lile la kukatiza. Mchezaji akishindwa, mwambie "washa data, tazama moja, rudi ulipokuwa". Atakayetaka atawasha. La kukatiza katikati ya raundi linamfanya azime data moja kwa moja, au afute.

Anayetaka kuingia, vipimo vya huku ni hivi:

Weka armeabi-v7a pamoja na arm64-v8a. Wengi wanaiacha ya 32 ili kupunguza kazi, halafu wanashangaa gemu halionekani kabisa dukani kwa simu za GB 2. Ukitumia Unity 6.0, Android ya chini kabisa ni 6.0. Picha zibane kwa ETC2, inakubalika na simu yoyote yenye OpenGL ES 3.0 (mfumo wa kuchora picha za gemu). Uzito: Google waliwahi kueleza mwaka 2017 kwamba kila MB 6 zinazoongezeka kwenye APK zinapunguza wanaomalizia kusakinisha kwa asilimia 1. Kwa mtu wa bando la siku, naamini maumivu ni makubwa zaidi.

Akaunti ya Play ni dola 25, mara moja tu. Akaunti mpya ya mtu binafsi lazima ipite jaribio la watu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kwenda hewani. Kosa la kawaida ni kuchukua watu 12 kamili. Mmoja akijitoa siku ya 9 umebaki na 11, sharti limevunjika. Chukua 20.

Baada ya hapo usikodolee macho namba ya upakuaji. Angalia kati ya 100 waliosakinisha Jumatatu, wangapi wamefungua Jumanne, na wangapi Jumatatu inayofuata. Na uangalie kuanguka kwa gemu: Play ina mpaka wa asilimia 1.09 ya watumiaji wa siku wanaokumbwa na gemu kujifunga, na 0.47 kwa gemu kuganda. Ukivuka, wanakupunguzia kuonekana. Kwa aina moja ya simu mpaka ni asilimia 8, na wenye simu hiyo wanaweza kuonyeshwa onyo kwenye ukurasa wako. Huku aina mbili tatu za simu ndizo zimejaa, kwa hiyo ukiharibu kwenye itel moja umeharibu soko zima.

#11 Fundi_Mkanaledi

Msanifu, hiyo ya kuganda mara nyingi siyo kosa lenu. Simu ya GB 32 mfumo na WhatsApp vikishakula, inabaki na MB mia chache. Android ikikosa pumzi ya kuandikia, kila kitu kinaganda. Na hapo ndipo gemu linapofutwa, siyo kwamba limechosha. Mtu anataka kupokea video ya harusi, anaangalia kipi kizito, gemu la kwanza kuondoka ni lenye MB nyingi. Drafti ya MB 15 hakuna anayeikumbuka kuifuta. Hiyo nayo ni aina ya umaarufu.

Ushauri kwa wenye simu hizo: bonyeza gemu, taarifa za programu, hifadhi, futa kache, USIFUTE data. Kache ni matangazo na picha za muda. Data ni ngazi zako.

#12 Kijana_wa_Mtanda

Wakuu swali dogo. Gemu la bila bando nikiliacha na data imewashwa linakula MB ngapi kwa siku? Kila mtu ana namba yake.

#13 Msanifu_Nachingwea

Kila mtu ana namba yake kwa sababu matangazo yanatofautiana. Ipime yako, ni dakika 20. Fungua mipangilio, matumizi ya data, tafuta gemu, andika namba iliyopo. Cheza mpaka umeona matangazo 10 ya video, uyahesabu kwa kidole. Rudi, soma namba mpya, toa ile ya kwanza, gawa kwa 10. Hiyo ndiyo gharama ya tangazo moja kwenye simu yako. Ukitaka kubaki na data ya WhatsApp huku gemu limefungiwa, palepale kwenye ukurasa wa gemu zima matumizi ya data ya chinichini. Angalia tu, hiyo inazuia likiwa limefichwa. Likiwa mbele ya macho yako bado linavuta. Simu za Tecno na Infinix nyingi zina kidhibiti chao cha kuzuia programu moja moja kabisa kwenye data, kitafute ndani ya programu ya usimamizi wa simu.

#14 Mpita_Njia_Lindi

Nimefungua lile bao nililonalo nikahesabu. Mashimo 12.

#15 NyumbaHaijaliwa

Pole mzee wangu. Futa, lirudishe ubao barazani.

#16 Kete64

Haya. Naanza daftari la chati Jumatatu hii saa tatu, nitakuwa naweka nafasi 20 humuhumu kila wiki. DadaTakwimu naomba jedwali lako lenye safu 5 tulitumie wote bila kubadilisha, ili ya Mtwara na ya Lindi ziweze kujumlishwa. Upande wa Mtwara nina simu 40. Nahitaji mmoja Lindi mjini, mmoja Nachingwea, na kama yupo mtu Kilwa Masoko ajitokeze. Kwenye safu ya nne ongezeni herufi: K limekuja na simu, P limepakuliwa Play, D duka jingine, R limerushwa. Na kwa bao, andikeni idadi ya mashimo.